Mwandishi wa Programu Asiyetaka Siasa

Ukikaa na vijana wanaoandika programu za kompyuta, iwe Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, hutakosa kumsikia mmoja akisema kwamba siasa hazimhusu. Yeye anaandika programu tu. Mambo ya nani ana haki ya nini amewaachia wabunge na wanasheria. Msimamo huo unasikika kama unyenyekevu, na mara nyingi msemaji anaamini kwa moyo anachosema. Sura hii inaupinga. Mfano nitakaoutumia unatoka wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako tangu katikati ya muongo uliopita ramani ya kidijitali imetumika kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji. Ninachodai ni kwamba katika kazi ile yote, hesabu na kasi ya seva ndiyo iliyokuwa sehemu rahisi. Kilichoumiza vichwa ni maswali matatu: nani aruhusiwe kuandika, nani aruhusiwe kusoma, na nani aweze kuondoka na alichoandika siku mwenye chombo atakapobadili nia. Maswali hayo hujibiwa na aliyeshika kibodi, hata kama hajui kwamba ameulizwa.

Kwanza tulione tatizo lenyewe. Ukeketaji katika koo za Wakurya una msimu wake, na msimu huo huangukia Desemba, shule zikiwa zimefungwa na watoto wote wako nyumbani. Wazee wa mila hutoa ruhusa, ngariba huanza kazi, na msichana asiyetaka ana siku chache, pengine saa chache, za kuamua. Sheria ipo. Tangu mwaka 1998 Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 169A, inasema anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake, au anayesababisha akeketwe, atafungwa miaka 5 hadi 15, au atalipa faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. (Faini hiyo leo hainunui hata ng'ombe wa maana, na mahari ya ng'ombe ndiyo sehemu kubwa ya sababu ya kumkeketa mtoto.) Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi zinaonyesha wanawake waliokeketwa Mara walikuwa asilimia 32 mwaka 2015-16 na asilimia 28 mwaka 2022, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 10 na 8. Wanaokimbia hupokelewa kwenye nyumba salama: Masanga upande wa Tarime, na Mugumu upande wa Serengeti, nyumba iliyofunguliwa mwaka 2014 na kuongozwa na Rhobi Samwelly, ambaye baadaye alianzisha shirika la Hope for Girls and Women na kufungua nyingine Butiama.

Sasa simu inaita. Jirani, mwalimu au msichana mwenyewe anasema kuna binti amefungiwa ndani, kesho ni zamu yake, naye yuko kitongoji fulani. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto yuko tayari, gari lina mafuta, lakini kitongoji hicho hakipo kwenye ramani yoyote aliyonayo. Mgawanyo wa serikali uko wazi: mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji, kitongoji. Ila kwenye ramani za simu za wakati ule Mugumu ilikuwa nukta yenye mistari michache ya barabara, na pembeni yake weupe mtupu hadi mpaka wa Hifadhi ya Serengeti. Weupe ule haukutokana na uzembe wa mtu. Kampuni inayotengeneza ramani kwa biashara huchora kwanza panapolipa, yaani penye maduka yanayotangaza na madereva wanaonunua huduma. Kijiji cha wakulima wa mihogo na wafugaji hakimo kwenye hesabu hiyo. Hakuna aliyeketi mezani akaamua kwamba msichana wa Serengeti asipatikane. Uamuzi ulikuwa ndani ya mtindo wa biashara, na waliouandikia programu waliuchukua kama hali ya hewa.

Njia nyingine ilikuwapo. Mwaka 2004 Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na yeyote anaweza kuichukua bure. Afrika Mashariki iliijua mapema: mradi wa Map Kibera ulianza Nairobi mwaka 2009, na mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukaanza kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika mvua zikinyesha. Mwaka huohuo wa 2015 Janet Chapman, wa shirika la kujitolea la Tanzania Development Trust lililoko Uingereza, alianzisha Crowd2Map ili kujaza weupe wa vijijini Tanzania, na Serengeti ikawa kitovu chake. Maelfu ya watu wasiowahi kukanyaga Mara walianza kuchora kutoka sebuleni kwao.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa karibu ni ya kuchosha. Mchoraji hufungua picha ya setilaiti, hukuza mpaka paa lionekane, hubofya kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha huchagua kwamba hili ni jengo. Anahamia paa la pili. Kila kona inakuwa nukta yenye namba mbili, latitudo na longitudo; kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya, saa, na namba ya toleo. Paa la bati humetameta na huonekana mara moja. Paa la nyasi hufanana na ardhi iliyolizunguka, hivyo nyumba ya maskini zaidi ndiyo inayosahaulika kwanza. Mashine nayo ina kasoro yake. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa bure michoro ya majengo karibu milioni 18 ya Tanzania na Uganda, yote yametambuliwa na kompyuta kutoka kwenye picha. Ni msaada mkubwa, nami siudharau. Lakini kompyuta inajua hapa kuna paa. Haijui kwamba paa hilo ni zahanati, wala kwamba wenyeji wakisema kule juu wanamaanisha kilima kipi. Jina lazima litoke kwa mtu aliyeko pale. Ndiyo maana hatua ya pili ya kazi Serengeti ilikuwa kuwafundisha wanavijiji wenyewe, wengi wao wanawake, kutumia simu janja kuandika majina ya vitongoji, shule, maduka na visima, na kutoa taarifa za ukatili kutoka kijijini kwao.

Hapa tunakutana na swali la nani aandike, nalo lina ncha zaidi ya inavyodhaniwa. Orodha ya aina za barabara inayotumika kwenye OpenStreetMap ilitokana na madaraja ya barabara za Uingereza, nchi ambako barabara kuu karibu daima ni barabara nzuri. Mara haiko hivyo. Barabara inayounganisha makao makuu ya wilaya mbili inaweza kuwa muhimu kuliko zote na bado ikawa tope mwezi wa mvua. Ukiipa daraja kwa ubora wake, utaificha. Ukiipa kwa umuhimu wake, dereva anayeifuata kwa simu atadhani ni lami. Wachoraji wa Afrika walilijadili jambo hili na mwongozo wao ukawa kwamba daraja lifuate umuhimu, na hali ya barabara iandikwe pembeni: vumbi au lami, na mto unavukwa kwa daraja au kwa kupita majini. Msimu wa ukeketaji huanguka mwishoni mwa mvua za vuli. Kile kipengele kidogo cha kivuko, ambacho mtu wa London angekiruka bila kuwaza, ndicho kinachoamua kama gari la polisi litafika au litarudi. Waliotunga orodha ya kwanza hawakuwa na ubaya wowote. Waliandika nchi yao tu, kisha nchi yao ikawa kipimo cha dunia.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa hapa: je, huu si ukoloni uleule, mgeni kuchora ardhi ya Mkurya, Mngoreme na Mwikoma kutoka Ulaya? Nakubali kuwa hatari ipo, na mfano wake mbaya kuliko yote ni mipaka ya koo. Tarime imemwaga damu kwa mipaka hiyo. Wanchari na Warenchoka wamepigana kwa sababu ya ardhi, na Tarime na Rorya zina mkoa wao wa kipolisi, hadhi ambayo wilaya haipewi bila sababu. Mgeni mwenye nia njema akipata mchoro wa zamani unaoonyesha ardhi ya ukoo huu inaishia wapi, akauweka kwenye ramani inayosomwa kwenye kila simu, amemkabidhi mtu hoja ya kwenda nayo shambani na panga. Lakini dawa ya hatari hiyo inatoka ndani ya kazi yenyewe: kanuni ya kwamba kinachochorwa ni kile kinachoonekana ardhini, na kwamba neno la aliyeko kijijini linafuta neno la aliyeko mbali. Weupe wa ramani nao ulikuwa wa kigeni. Kuuacha kwa kuogopa ukoloni kungekuwa kuuachia uamuzi wa kampuni uendelee kutawala.

Pingamizi zito zaidi linahusu kusoma. Ramani iliyo wazi inasomwa na wote: mwizi wa mifugo, dalali wa ardhi, na baba anayemtafuta binti aliyekimbia. Wapo wanaojibu kwa wepesi kwamba uwazi daima ni mwema. Sikubaliani nao. Wapo pia wanaosema basi kila kitu kifungwe, nao sikubaliani nao zaidi, kwa sababu ramani iliyofungwa ingemnyima mwalimu, mwenye bodaboda na muuguzi, ambao ndio wanaofika kabla ya gari la polisi. Ukichunguza vizuri unaona tunachanganya vitu viwili. Barabara, kisima, shule na jina la kitongoji ni mali ya umma; mwenyeji anavijua tayari, na adui wa msichana anavijua kuliko sisi. Kuvichora kunampa faida yule tu ambaye hakuvijua, yaani askari aliyehamishiwa Mugumu mwezi uliopita kutoka Lindi. Hata nyumba salama ya Mugumu yenyewe haijawahi kuwa siri. Mji mzima unajua iliko, na mwaka 2018 ilionekana kwenye filamu ya Giselle Portenier kuhusu wasichana hao. Inalindwa na geti, polisi na macho ya majirani. Siri inayotakiwa kutunzwa ni nyingine: nani alipiga simu, na ilihusu kaya ya nani.

Tuingie ndani kidogo, maana hapa ndipo siasa zinapojificha kwenye tarakimu. Nukta ya latitudo ikiandikwa na tarakimu tano baada ya alama ya desimali, inaonyesha mahali kwa usahihi wa takriban mita moja, yaani mlango wa nyumba. Ukiacha tarakimu mbili tu, usahihi unashuka hadi kilomita moja hivi. Mwandishi wa programu anayetengeneza fomu ya taarifa za ukatili atashawishika kuhifadhi tano, kwa sababu simu inazitoa bure na amefundishwa kwamba data nyingi ni bora. Askari anazihitaji zote usiku ule. Je, mfadhili anayesoma ripoti ya mwaka anazihitaji? Na tarakimu mbili zinatosha kuficha? Mjini, kilomita moja ina maelfu ya watu. Kwenye kitongoji cha Serengeti inaweza kuwa na kaya chache, na kama Desemba ile ni binti mmoja tu aliyekimbia, kila mtu atajua ni yupi na jirani yupi alikuwa na salio la simu. Hapo kupunguza tarakimu ni kujifariji. Taarifa inabidi ijumlishwe kwa kata nzima au isitolewe kabisa. Zingatia pia kwamba kwenye ramani ya wazi toleo la zamani hubaki kwenye historia hata baada ya kufutwa, hivyo uamuzi hufanywa kabla ya kubofya au haufanywi kamwe. Tangu Mei 1, 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, iliyopitishwa mwaka 2022, na taarifa za watoto zimo ndani yake. Nashukuru ipo. Lakini sheria haitamwambia mtu aandike tarakimu ngapi, na mkaguzi hatafika Mugumu kabla ya fomu kuanza kutumika.

Atakayesema kwamba haya ni mambo ya ufundi tu na aikumbuke Sheria ya Takwimu. Mwaka 2018 Bunge liliirekebisha ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka 2019 kipengele hicho kikalegezwa baada ya kelele nyingi, za Benki ya Dunia zikiwamo. Kwa miezi ile, swali la shirika dogo kuhesabu wasichana liliowapokea na kuitangaza idadi hiyo lilikuwa swali la jela. Waandishi wa programu waliokuwa wakitengeneza jedwali la kuhesabu walikuwa ndani ya siasa kwa sababu ya kujumlisha tu.

Swali la kuondoka ndilo linalosahaulika zaidi, labda kwa kuwa halina msichana ndani yake. Sehemu kubwa ya Serengeti mtandao unakatika ukishuka bonde, kwa hiyo ramani lazima ikae ndani ya simu yenyewe. Programu iliyokuwa ikipendwa kwa kazi hiyo ni MAPS.ME, inayosoma data ya OpenStreetMap bila intaneti. Ilianza mwaka 2011, ikanunuliwa na kampuni ya Urusi ya Mail.Ru mwaka 2014, na mwaka 2015 msimbo wake ukawekwa huria. Mwaka 2020 ikauzwa tena, na mmiliki mpya akaibadilisha kiasi cha kuwaudhi watumiaji wake wa siku nyingi. Kama msimbo ungekuwa umefungwa, hadithi ingeishia hapo. Kwa kuwa ulikuwa huria, baadhi ya waasisi waliuchukua wakatoa Organic Maps mwaka 2021. Mwaka 2025 wachangiaji wa Organic Maps nao wakagombana juu ya nani anaiendesha na fedha zinasimamiwaje, kundi moja likajitenga na kuanzisha CoMaps. Unaweza kuwacheka: wataalamu wenye akili zote hizo hawawezi kukaa meza moja. Mimi naona faida. Kila ugomvi ulipotokea, dereva aliyeko Nata au Nyamongo hakupoteza kitongoji hata kimoja, kwa sababu majina yaliyoandikwa na wanavijiji hayakuwa mali ya programu iliyoyaonyesha. Leseni huria ya data ndiyo iliyoyalinda majina hayo, na leseni ni karatasi ya kisiasa tangu mstari wa kwanza.

Wengine watauliza kwa nini kazi hii isiachiwe serikali. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, Tanzania iliendesha Operesheni Anwani za Makazi, nyumba zikapewa namba na barabara majina, na mfumo wa kitaifa wa anwani, NaPA, ukaanza kuzihifadhi. Ni kazi kubwa na ilifanyika kwa kasi ambayo mashirika ya kujitolea hayawezi kuiota. Serikali pia ndiyo yenye askari, hakimu na ofisa ustawi wa jamii. Ramani bila hao ni mapambo. Ninachokataa ni kwamba rejista ambayo ofisi pekee ndiyo inayoiandika inatosha. Mara inakumbuka Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, watu walipohamishwa, wengine kwa nguvu, kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa kutoka juu. Mpango ulikuwa na ramani yake, nayo haikuwa na mahali pa mwanakijiji kusema kwamba hapa hakuna maji. Mahali hapo pa kusahihisha ndipo ninapopadai, pawe kwenye mfumo wa serikali au nje yake.

Je, ramani imepunguza ukeketaji? Siwezi kusema hivyo, na mtu asikuuzie dai hilo. Kushuka kutoka asilimia 32 hadi 28 ni hesabu ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, wengi wao walikeketwa zamani, na kazi iliyowabadilisha watu ilifanywa na walimu, masista wa Masanga, wachungaji na baadhi ya wazee wa mila wenyewe. Ramani inafupisha muda kati ya simu kuita na gari kufika. Huo ndio upeo wake. Wanaoidharau kwa kuwa haitibu mila wanaidai kisichokuwa chake, sawa na wanaoisifu kupita kiasi.

Tena muda huo unaishia Sirari, mpakani na Kenya. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka, na msichana anaweza kuvushwa hadi Kuria ya Kenya kwa mguu. Kule sheria ya mwaka 2011 inakataza kumkeketa mwanamke wa umri wowote, pamoja na kumvusha mpaka kwa ajili hiyo. Machi 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa hoja kwamba mtu mzima aachwe aridhie mwenyewe. Upande wa Tanzania kifungu cha 169A kinaishia miaka 18. Aprili 2019 mawaziri wa Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia walikubaliana Mombasa kushirikiana dhidi ya ukeketaji wa kuvuka mipaka. Tuseme makubaliano hayo yamezaa fomu moja ya simu itakayotumika Tarime na Kuria. Ndani yake kuna sehemu ya umri, na mtu lazima aamue kama itakubali namba kubwa kuliko 17. Ikikataa, mwanamke wa miaka 19 aliyevushwa kutoka Isebania, upande wa Kenya, hatasajiliwa popote upande wa Tanzania. Ikikubali, askari wa Tarime atakuwa na taarifa ambayo kifungu chake hakimpi la kufanya nayo. Uamuzi wote ni mstari mmoja wa msimbo, na anayeuandika anapaswa kuwauliza askari wa dawati wa pande zote mbili kabla fomu haijaingia kwenye simu za vijijini.